Kuvu, Chembe na Emalsheni: Istilahi za Ufumbataji wa Spora

Utangulizi

Kazi ya kuunda istilahi mara nyingi hudhaniwa kuwa ni kutafuta neno moja la Kiswahili na kuliweka mahali pa neno moja la kigeni. Anayefikiri hivyo huona kazi imekwisha mara orodha inapojaa. Lakini mfasiri aliyewahi kukabidhiwa karatasi ya maelekezo ya kiuatilifu, mwalimu anayesimama mbele ya darasa la kilimo, na mtumishi wa serikali anayepaswa kuyapitisha maandishi ya kibandiko kabla bidhaa haijafika dukani, wote wanajua kwamba neno huweza kuwamo katika orodha na bado likampoteza msomaji.

Tuchukue mfano mmoja. Ziko kuvu ambazo huwaua wadudu waharibifu, na watu wamejifunza kuzikuza na kuzitumia mashambani. Sasa mfasiri akiandika juu ya chupa maneno "Dawa ya kuvu", amesema nini? Katika Kiswahili, dawa ya mbu ni ile inayoua mbu, dawa ya mchwa ni ile inayoua mchwa, na dawa ya minyoo ni ile inayotoa minyoo. Kwa kanuni hiyo hiyo, dawa ya kuvu ni ile inayoua kuvu. Mkulima ambaye nyanya zake zimeshikwa na ugonjwa wa kuvu ataichukua chupa hiyo kwa furaha, naye hatapata tiba yoyote. Jirani yake, ambaye mboga zake zinaliwa na viwavi, ataiacha rafuni ingawa ndiyo aliyokuwa akiihitaji. Maneno matatu ya Kiswahili fasaha, yasiyo na kosa la sarufi hata moja, yamesema kinyume cha jambo lililokusudiwa.

Makala haya yanakusudia kuchunguza istilahi za tawi moja la elimu hiyo ambalo limeandikiwa sana katika miaka ya karibuni, nalo ni kufumbata spora za kuvu, moja moja, ndani ya vitone vya emalsheni inayodumishwa kwa chembe. Kwanza tutaeleza jambo lenyewe, kwani haiwezekani kuunda istilahi njema juu ya jambo lisiloeleweka. Kisha tutayapima maneno yaliyopo na kutoa mapendekezo.

Kuvu inayoua wadudu

Kuvu ni jamii kubwa ya viumbe. Uyoga tunaoula ni kuvu. Hamira ni kuvu. Na ule utando wa kijani unaoota juu ya mkate uliosahauliwa kabatini ni kuvu. Kuvu haina klorofili kama mimea, bali hujipatia chakula kwa kukimeng'enya kile inachokiotea. Nyingi huotea vitu vilivyokufa, lakini baadhi huotea viumbe hai, wakiwamo wadudu.

Elimu hii si ngeni. Mnamo mwaka 1835, Agostino Bassi wa Italia alionyesha kwamba ugonjwa uliokuwa ukiwaangamiza viwavi wa hariri ulitokana na kuvu hai iliyoambukizwa kutoka kiwavi hadi kiwavi. Kuvu hiyo leo huitwa Beauveria bassiana kwa heshima yake. Mwaka 1879 Ilya Metchnikoff, aliyekuwa akifanya kazi Odessa, alijaribu kuitumia kuvu nyingine dhidi ya mbawakavu waliokuwa wakiharibu ngano. Kuvu hiyo ni ya jenasi ambayo sasa inajulikana kwa jina la Metarhizium.

Kuvu hizi hufanya kazi kwa njia iliyo tofauti kabisa na ile ya sumu. Spora, yaani kile kijipunje ambacho kuvu huzalia, hunasa juu ya ngozi ngumu ya mdudu. Ikipata unyevu wa kutosha huchipua, huitoboa ngozi hiyo kwa msukumo na kwa vimeng'enya, kisha huingia ndani na kuenea mwilini. Mdudu hufa baada ya siku kadhaa, na hali ya hewa ikiruhusu, kuvu hutoka nje ya mzoga na kutoa spora nyingine. Mdudu halazimiki kula kitu chochote. Kuigusa spora kwatosha.

Hapa kwetu Afrika ya Mashariki jambo hili limekwisha kufanyiwa kazi. Mwaka 2005 lilitangazwa jaribio lililofanywa katika nyumba za kijiji kimoja karibu na Ifakara, ambamo vitambaa vyeusi vya pamba vilivyopakwa spora za Metarhizium katika mafuta vilitundikwa ndani, na zaidi ya moja ya tano ya mbu waliokamatwa walikuwa wameambukizwa. Mwaka 2009, nzige wekundu walipozuka magharibi mwa Tanzania, katika nyanda za Iku-Katavi, Ziwa Rukwa na bonde la Malagarasi, spora za kuvu ya jenasi hiyo zilinyunyizwa kwa ndege juu ya eneo la hekta 10,000 hivi. Huko Nairobi, Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ikolojia ya Wadudu, ambacho kilianzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kimefanya uchunguzi wa muda mrefu juu ya kuvu hizi.

Pamoja na sifa hizo, spora ina udhaifu wake. Mionzi ya jua huiua, pengine katika muda wa saa chache. Ukavu huizuia kuchipua. Tena spora za Metarhizium zina ngozi inayokataa maji, kwa hiyo zikitiwa katika maji matupu hushikamana mabonge mabonge badala ya kutawanyika. Bonge likiangukia jani moja, majani kumi ya jirani hubaki bila kitu, na kiwavi hutambaa juu yake kwa salama. Ndiyo sababu wataalamu wakatafuta njia ya kuitenga kila spora na mwenzake, na kuipa hifadhi yake peke yake. Njia mojawapo waliyoipata ni emalsheni.

Emalsheni, au jambo ambalo mpishi alikwisha kulijua

Msomaji asitishwe na neno hili. Kila jikoni la pwani lina emalsheni. Nazi ikikunwa, ikatiwa maji na kukamuliwa, hupatikana tui. Tui si maji, wala si mafuta. Ni vitone vidogo vidogo mno vya mafuta vilivyotawanyika ndani ya maji, navyo ndivyo vinavyolipa tui weupe wake. Maziwa nayo yako hivyo hivyo. Mafuta na maji havipatani, na vikiachwa vyenyewe hutengana. Vinachovizuia vitone vya tui visiungane upesi ni protini za nazi ambazo hukaa mpakani, baina ya mafuta na maji, na kukizunguka kila kitone.

Mpishi anajua pia kwamba amani hiyo haidumu. Tui likichemshwa kwa moto mkali bila kukorogwa hukatika: mafuta yakaelea juu na maji yakabaki chini. Mkemia anapoeleza jinsi emalsheni inavyoharibika, anaeleza jambo hilo hilo.

Lipo jambo la kupendeza katika asili ya neno lenyewe. Emalsheni limetokana na kitenzi cha Kilatini emulgere, chenye maana ya kukama au kukamua. Warumi walitazama maziwa, nasi twatazama tui. Kitendo ni kile kile cha mkono unaokamua. Kwa hiyo mwalimu anayeanza somo la emalsheni kwa kuwataka wanafunzi wake wakamue nazi hatoki nje ya somo, bali ameshika mzizi wake.

Chembe mahali pa sabuni

Katika viwanda vingi, emalsheni hudumishwa kwa vitu vya jamii ya sabuni. Molekuli ya sabuni ina upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta, na kwa sababu hiyo husimama mpakani. Lakini molekuli hizo hazitulii. Huingia mpakani na kutoka wakati wote. Tena vitu vya jamii ya sabuni huweza kukidhuru kiumbe hai kilichomo ndani ya kitone.

Njia nyingine iligunduliwa mwanzoni mwa karne ya 20. Walter Ramsden aliandika mwaka 1903 juu ya punje yabisi zinazojikusanya katika mipaka ya vimiminiko, na mwaka 1907 Spencer Pickering akaeleza kwa urefu emalsheni zinazodumishwa na punje za namna hiyo. Inafaa wasomaji wetu wajue kwamba Pickering hakuwa akishughulika na jambo la kinadharia tu. Alikuwa akifanya kazi katika shamba la majaribio ya matunda huko Woburn, Uingereza, lililoanzishwa mwaka 1894, na alitaka kupata emalsheni ya mafuta ya parafini ya kunyunyizia miti ya matunda ili kuua wadudu. Punje alizozitumia zilipatikana kwa kuchanganya chumvi ya shaba na chokaa. Kwa hiyo elimu hii ilizaliwa shambani, na matumizi tunayoyaeleza hapa ni kurudi kwake nyumbani.

Siri ya chembe ni hii. Chembe yabisi ambayo hulowa kiasi kwa maji na kiasi kwa mafuta hukaa mpakani, sehemu yake moja ikiwa upande huu na sehemu nyingine upande ule. Ikishakaa hapo, kuichomoa kunahitaji nguvu kubwa mno kuliko ile ya mtikisiko wa kawaida wa joto. Kwa hiyo tofauti na molekuli ya sabuni, chembe haitoki tena kwa urahisi. Chembe nyingi zikipangana kukizunguka kitone, zinakuwa kama ukuta wa mawe uliokizingira kisima, na vitone viwili vikigongana haviungani. Chembe zikipenda maji zaidi ya mafuta, hutokea vitone vya mafuta katika maji. Zikipenda mafuta zaidi, hutokea vitone vya maji katika mafuta.

Tone moja, spora moja

Mwaka 2018 watafiti wa Kituo cha Volcani nchini Israel walichapisha matokeo ya kazi iliyoviunganisha vitu hivyo viwili. Walitumia spora za Metarhizium brunneum, mafuta ya parafini, maji, na chembe ndogo mno za silika zilizorekebishwa juu yake kwa kemikali. Waliweza kupata vitone vyenye kipenyo cha kati ya mikromita 1 na 30 kadiri walivyotaka. Mikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na spora ya kuvu hiyo ina urefu wa mikromita chache tu. Kwa kuchagua ukubwa wa kitone unaolingana na ukubwa wa spora, waliweza kufanya kila spora ikae peke yake ndani ya kitone chake.

Emalsheni hiyo ilinyunyizwa juu ya majani ya mbarika, mmea ambao wengine huuita mnyonyo. Emalsheni ilipokauka, chembe za silika zilibaki juu ya jani zikiwa zimejipanga kama sega la nyuki, na spora zikabaki zimetengana. Viwavi wa pamba waliowekwa juu ya majani hayo walikufa kwa wingi zaidi kuliko wale waliowekwa penye spora zilizonyunyizwa kwa njia nyingine za kulinganishia. Mwaka 2021 ikatolewa taarifa ya emalsheni ya namna hiyo iliyodumishwa kwa chembe za titania, ambazo ndizo huipa rangi nyeupe ya ukutani weupe wake na hutiwa katika mafuta ya kukinga ngozi na jua. Hapo ukuta wa kitone ulifanya kazi mbili: kudumisha emalsheni, na kuikinga spora na mionzi ya jua.

Huo ndio mwisho wa maelezo ya jambo lenyewe. Sasa twende kwenye maneno.

Kuyapima maneno

(a) Kuvu, si ukungu. Watu wengi huita ukungu kile kinachoota juu ya mkate, nao hawakosei katika mazungumzo. Lakini ukungu ni pia ule mvuke unaofunika mabonde asubuhi, na katika maandishi yanayohusu kunyunyiza, ambamo dawa hutoka bombani kama ukungu, neno hili litaleta mkanganyo. Tunapendekeza kuvu litumike peke yake. Kwa dawa inayoua kuvu, tutumie kiuakuvu. Kwa kuvu inayoua wadudu, tutumie kuvu kiuawadudu. Maneno haya yanafuata mtindo ule ule uliotupa kiuatilifu na kiuagugu, na faida yake ni kwamba yanataja waziwazi nani anayeua na nani anayeuawa, jambo ambalo "dawa ya kuvu" limeshindwa kulitaja.

(b) Spora. Wako wanaopendelea mbegu ya kuvu, kwa hoja kwamba ni Kiswahili safi na kwamba hata Wagiriki, ambao neno spora lilitoka kwao, walikuwa na maana ya kupanda na ya mbegu. Hoja hiyo ina uzito, na mwalimu anaweza kuitumia kumweleza mwanafunzi. Lakini mbegu katika elimu ya mimea ina kiinitete na akiba ya chakula, na spora haina kiinitete. Tena mkulima anayeambiwa kwamba chupa ina mbegu atauliza zinapandwa wapi. Tunapendekeza spora. Wataalamu huwa na jina mahususi la spora za namna hii, yaani konidia, lenye asili ya neno la Kigiriki la vumbi. Hilo libaki katika vitabu vya chuo, lisiingie katika vibandiko.

(c) Chembe na seli. Hapa pana hatari kubwa zaidi kuliko inavyodhaniwa. Chembe ni neno zuri la kitu kidogo kilicho kigumu, kama chembe ya mchanga au ya chumvi. Lakini baadhi ya vitabu vimelitumia neno chembe, au chembe hai, kwa maana ya seli. Katika somo letu, kinachofumbatwa ni seli na kinachofumbata ni ukuta wa chembe. Mfasiri akitumia chembe kwa vyote viwili, ataandika kwamba "chembe zimefungwa kwa chembe", na hakuna msomaji atakayejua kilichomo ndani wala kilichopo nje. Tunapendekeza, bila kubakiza mwanya, chembe kwa kitu kisicho na uhai na seli kwa kitu chenye uhai.

(d) Silika. Utohozi wa kawaida wa jina la madini haya ni silika. Lakini Kiswahili tayari kina silika, neno la zamani lenye maana ya tabia ya kuzaliwa nayo. "Chembe za silika" huenda lisimpotoshe mkemia, ila mwalimu wa shule anaweza kulazimika kulieleza mara mbili. Hatupendekezi kulipotoa neno ili kukwepa mgongano huu, kwa sababu lugha nyingi huishi na maneno yanayofanana. Tunashauri tu kwamba neno linapotokea mara ya kwanza liandikwe silika ya mchanga, kwani mchanga mwingi umefanywa kwa madini hayo, na baadaye silika pekee itatosha.

(e) Emalsheni, si tui. Baada ya sifa zote tulizolipa tui, msomaji angeweza kutarajia tulipendekeze liwe istilahi. Tulilifikiria sana. Lina asili yetu, lina historia, na lina maneno yake ya ukoo kama kasimile, yaani tui zito la kwanza. Lakini tui ni chakula. Emalsheni nyingi ni vitu vya sumu, ama rangi, ama vipodozi. Kuandika neno tui juu ya chupa ya kiuatilifu ambayo ndani yake mna kitu cheupe mfano wa maziwa, nayo chupa imewekwa katika nyumba yenye watoto, ni jambo ambalo hakuna sababu ya kilugha inayoweza kulihalalisha. Kwa hiyo tui libaki kuwa mfano wa kufundishia. Istilahi iwe emalsheni, kwa matamshi ambayo mafundi wa rangi wamekwisha kuyazoea.

Hata hivyo, kitenzi cha jikoni tunakichukua. Emalsheni inapotengana, tuseme imekatika. Neno hili linaeleweka kwa kila mtu, ni fupi, na halina hatari yoyote. Kutohoa kitenzi cha kigeni penye kitenzi kama hiki kingekuwa ni kuacha mbachao kwa msala upitao.

(f) Katika, si na. Wafasiri wengi huandika "mchanganyiko wa mafuta na maji". Kiunganishi na kinaviweka vitu viwili sawasawa, na hakisemi ni kipi kilicho vitone na ni kipi kilichovizunguka. Tofauti hiyo si ya wataalamu tu. Emalsheni ya mafuta katika maji inaweza kuzimuliwa kwa maji katika bomba la mkulima. Ile ya maji katika mafuta haikubali maji kwa njia hiyo. Tunapendekeza daima: emalsheni ya mafuta katika maji, na emalsheni ya maji katika mafuta. Kinachotangulia kutajwa ndicho kilicho vitone.

(g) Kudumisha. Kwa kitendo cha kuizuia emalsheni isikatike, maneno kadhaa yamependekezwa. Kuimarisha humfanya msomaji afikiri kwamba kitu kimekuwa kigumu au kikali zaidi, na katika habari za viuatilifu, kikali humaanisha chenye sumu kali. Kutuliza ni neno la maumivu na ghasia. Kudumisha linasema kile hasa kinachotendeka, yaani hali iliyopo inafanywa ibaki. Kwa hiyo tunapata emalsheni inayodumishwa kwa chembe, na kitu chenyewe kinachodumisha, kiwe chembe au kitu cha jamii ya sabuni, tunakiita kidumishi. Emalsheni ya Pickering inaweza kutumika kwa maana hiyo hiyo katika maandishi ya kitaalamu.

(h) Kufumbata. Neno la kigeni la kitendo hiki limejengwa juu ya neno la Kilatini lenye maana ya kijisanduku. Wafasiri wametumia kufunga, kufunika, kutia katika kapsuli, na pengine kuvika. Kufunga kunaashiria kitu kisichotarajiwa kutoka. Kufunika ni kwa upande wa juu tu. Kapsuli ni kile kidonge cha hospitali, na mtu anayekisikia hufikiri kitu cha kumezwa. Kuvika hakuonyeshi kwamba kitu kimo ndani ya tone la kimiminiko. Kiswahili kina kufumbata, yaani kukizunguka kitu kwa kiganja na kukunja vidole, kama mtu anavyofumbata sarafu. Kiganja hukizunguka kitu pande zote, hukilinda, na baadaye hufumbuka kikakiachia. Hayo yote matatu ndiyo kazi ya kitone kwa spora. Tunapendekeza kitenzi kufumbata na nomino ufumbataji.

(i) Moja moja. Hapa lugha yetu haihitaji kuunda neno lolote. Spora moja ni idadi. Spora pekee yaweza kueleweka kuwa spora bila kitu kingine. Lakini spora moja moja, kwa kurudufu, inasema kwamba kila moja iko mbali na mwenzake. Ufumbataji wa spora moja moja ni istilahi kamili, nayo imetokana na sarufi ambayo kila mzungumzaji anayo.

Maneno yakiwa kazini

Istilahi hupimwa katika sentensi. Tumetunga sehemu mbili za maandishi ya kibandiko kwa ajili ya mfano. Hazihusu bidhaa yoyote iliyoko sokoni. Ya kwanza ni hii:

"Dawa ya kuvu. Ina chembe zilizofungwa katika mchanganyiko imara wa mafuta na maji. Ikiharibika usitumie."

Hakuna neno gumu humo, na bado mkulima hajui dawa inaua nini, hajui kwamba amebeba kitu chenye uhai, wala hajui atatambuaje kwamba imeharibika. Ya pili ni hii:

"Kiuatilifu hiki ni kuvu hai inayoua viwavi. Spora zake zimefumbatwa moja moja ndani ya vitone vya mafuta katika maji. Usikichanganye na kiuakuvu. Bomba lililotumika kwa kiuakuvu lioshwe vizuri kwanza. Viwavi hawafi papo hapo, bali baada ya siku kadhaa. Mafuta yakielea juu na yasichanganyike tena yakitikiswa, emalsheni imekatika, usiitumie."

Maandishi ya pili ni marefu zaidi, na mtumishi anayehesabu nafasi ya kibandiko anaweza kulalamika. Tunamwomba atazame kinachonunuliwa kwa urefu huo. Mkulima asiyeambiwa kwamba kuvu ni hai ataiweka juani, au ataitia katika bomba lenye mabaki ya kiuakuvu, na atakuwa ameua alichokinunua kabla hakijafika shambani. Mkulima asiyeambiwa kwamba viwavi hufa baada ya siku kadhaa atarudi kesho yake, atawakuta wangali wakila, na atanyunyiza sumu nyingine juu yake. Kisha atawaambia majirani kwamba dawa ile ni bure. Hapo wa kulaumiwa hatakuwa mtafiti wala kuvu. Kilichoshindwa ni Kiswahili kilichoandikwa juu ya chupa.

Hitimisho

Mapendekezo yetu kwa muhtasari ni haya: kuvu kwa jamii ya viumbe, kiuakuvu kwa dawa inayoua kuvu, kuvu kiuawadudu kwa kuvu inayoua wadudu, spora, seli kwa chenye uhai na chembe kwa kisicho na uhai, silika ya mchanga, emalsheni ya mafuta katika maji na emalsheni ya maji katika mafuta, kukatika kwa kutengana kwake, kudumisha na kidumishi, kufumbata na ufumbataji, na moja moja kwa kila kimoja kikiwa peke yake.

Wasomaji wataona kwamba katika orodha hii yamo maneno ya kutohoa na yamo maneno ya nyumbani, na kwamba hatukuyachagua kwa mapenzi ya upande mmoja. Tulilikataa tui, ambalo ni letu, kwa sababu lingeweza kumdhuru mtu. Na tukalichukua spora, ambalo ni la kigeni, kwa sababu mbegu ingesema uongo. Kipimo chetu kimekuwa kimoja: je, atakayesoma neno hili akiwa peke yake, bila mtaalamu wa kumwuliza, atatenda lililo sawa?

Tunawakaribisha wafasiri, walimu na watumishi wote wanaoshughulika na maandishi ya kilimo wayajaribu maneno haya katika kazi zao na watuletee maoni, hasa kutoka sehemu ambako lahaja ina neno bora kuliko haya. Tungependa kujua, kwa mfano, wanachosema wapishi na wakamuaji wa maziwa wa bara pale kitu kama hiki kinapokatika, kwani yumkini neno jingine linalotufaa limekwisha kusemwa jikoni mwa mtu.